Kabla ya Kununua Gari: Hesabu ya Kwanza Ifanyiwe Nyumbani

Katika yadi za magari kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, mnunuzi huulizwa mapema ana malipo ya awali kiasi gani. Swali ambalo huenda asiulizwe na yeyote ni iwapo ataweza kuliweka gari hilo barabarani mwezi wa saba, karo ya shule inapohitajika na mshahara ni ule ule. Jibu la swali hilo ndilo huamua kama gari litabaki nyumbani au litachukuliwa na dalali.

Somo hili linawalenga wakazi wanaojiandaa kununua gari kwa mara ya kwanza, hasa kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo.

Mfano wa hesabu

Chukulia mwalimu anayeishi Njoro, ambaye mkononi hupokea Sh62,000 kwa mwezi. Ameona gari lililotumika la Sh900,000. Ana akiba ya Sh360,000, kwa hivyo anahitaji mkopo wa Sh540,000 atakaoulipa kwa miezi 36. Kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka inayotozwa kwa salio linalopungua, atalipa takriban Sh18,456 kila mwezi. Akitazama kiasi hicho pekee, ataona anaweza.

Lakini gari lina gharama nyingine. Akiendesha kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, hizo ni kilomita 880. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 73 hivi. Bei ya petroli hutangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na hubadilika. Kwa Sh180 kwa lita, mafuta yatamgharimu Sh13,200. Bima kamili ya asilimia 4 ya thamani ya gari ni Sh36,000 kwa mwaka, sawa na Sh3,000 kwa mwezi. Atenge Sh4,000 za huduma, matairi na matengenezo, na Sh2,000 za maegesho mjini.

Jumla ni Sh40,656 kwa mwezi. Awamu ya mkopo ni chini ya nusu ya gharama ya gari. Kwa mshahara wa Sh62,000, mwalimu huyu atabakiwa na Sh21,344 za kodi ya nyumba, chakula, karo na dharura.

Jaribio la miezi sita

Ipo njia ya kujua mapema kama mzigo huo unabebeka. Ikiwa kwa sasa hutumia Sh4,400 kwa nauli ya matatu kila mwezi, aitoe katika Sh40,656. Zinasalia Sh36,256. Aziweke kiasi hicho katika akiba kila mwezi kwa miezi sita, kana kwamba tayari ana gari.

Akishindwa mwezi wa tatu, amepata jibu bila kupoteza chochote: atafute gari la bei ya chini, au asubiri. Akifaulu, atakuwa ameongeza Sh217,536. Mkopo utashuka hadi Sh322,464, na awamu itakuwa takriban Sh11,000 badala ya zaidi ya Sh18,000.

Riba ya aina gani?

Wakopeshaji wawili wanaweza kutaja asilimia 14 na bado wakatofautiana sana. Wa kwanza hutoza riba kwa salio linalopungua kila mwezi. Katika mfano ulio hapo juu, riba yote kwa miaka mitatu ni takriban Sh124,400. Wa pili hutoza asilimia 14 ya mkopo wote wa mwanzo kila mwaka hadi mwisho, hata baada ya sehemu kubwa kulipwa. Riba yake ni Sh226,800, na awamu ni Sh21,300. Tofauti ni zaidi ya Sh102,000 kwa gari lile lile.

Kwa hivyo, swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi si asilimia pekee. Mkopaji aombe aandikiwe jumla ya fedha zote atakazolipa hadi siku ya mwisho, pamoja na ada za mkopo, bima, gharama za kisheria na kifaa cha kufuatilia gari ikiwa kinahitajika. Aulize pia adhabu ya kuchelewesha awamu, na kama kuna ada ya kumaliza mkopo mapema.

Kwa wanaokatwa mkopo kwenye mshahara, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaweka kikomo: makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Hakikisha gari ni la muuzaji

Gari linaweza kuwa zuri na bado likawa dhamana ya deni la mtu mwingine. Kabla ya kulipa hata arbuni, mnunuzi aombe rekodi ya gari kutoka kwa mamlaka ya NTSA kupitia eCitizen. Rekodi hiyo huonyesha jina la mmiliki, na kama benki au mkopeshaji ana haki juu ya gari. Jina lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji, na nambari za chesisi na injini zilinganishwe na zilizo kwenye gari lenyewe. Fundi wa kulikagua awe wa mnunuzi, si wa muuzaji.

Kwa gari linaloagizwa kutoka nje, sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Bei ya mnada ng'ambo si bei ya gari likifika Nakuru: kuna usafiri wa meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, ada za bandari ya Mombasa na usajili.

Siku ya kulipa

Kubeba fedha taslimu ni hatari, na M-Pesa ina kikomo cha Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Hundi nayo haivuki Sh1 milioni. Malipo makubwa yapitie benki, kwenye akaunti iliyo kwa jina la mmiliki aliye katika rekodi ya NTSA, si ya broka wala ya jamaa yake.

Makubaliano ya mauzo yaandikwe na kushuhudiwa, yakitaja bei, tarehe, kiasi kilicholipwa na iwapo arbuni itarudishwa mauzo yakivunjika. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen siku hiyo hiyo, mnunuzi akiwepo. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Muuzaji naye ana sababu ya kuharakisha: gari likisababisha ajali likiwa bado kwa jina lake, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza.

Wakazi wanahimizwa kuifanya hesabu hii kwa karatasi na kalamu, pamoja na familia, kabla ya kuitembelea yadi yoyote.