Kikomo cha anwani si kikomo cha kumbukumbu

Anayechambua mkusanyo mkubwa wa matini kwa Linux huweza kukutana na jambo hili: programu inakataa kufungua faili ya gigabaiti 3, ilhali kumbukumbu ya mashine bado ina nafasi tele. Mara nyingine sababu ni kikomo kiitwacho RLIMIT_AS. Tukikitafsiri kuwa "kikomo cha kumbukumbu", tafsiri yenyewe inatupoteza.

Kiini cha mfumo kinapoupa mchakato eneo, kwa kawaida huupa kwanza anwani tu. Kurasa za kumbukumbu halisi huja baadaye, mchakato unapozigusa. RLIMIT_AS huhesabu anwani, haihesabu kurasa. Kwa hiyo kikomo kikiwa gigabaiti 2, kuitengea faili yote anwani kwa mmap kutashindikana na kosa litakuwa ENOMEM, hata kama ulitaka kusoma mistari 10 tu. Ni sawa na kumnyima mtu namba ya kiwanja kabla hajaleta hata tofali moja.

Amri ulimit -v huonyesha kikomo hicho kwa kilobaiti. Kikomo laini ndicho kinachotumika. Kigumu ni dari yake. Mtumiaji wa kawaida akishusha kigumu hawezi kukipandisha tena, na ulimit -v yenye namba hubadilisha vyote viwili. Heri kuandika ulimit -Sv.

Mchakato mtoto hurithi kikomo, lakini haugawani na mzazi: watoto 10 wanaweza kuchukua gigabaiti 2 kila mmoja. Mashine ikitumiwa na darasa zima, cgroup inafaa zaidi, kwani huhesabu kumbukumbu inayotumika kweli na kundi lote.