SUKARI YA MATUNDA: TUIOGOPE AU TUILE?

Mada yetu ni ya sokoni na mezani, lakini ina uzito wake. Inahusu afya, na wahenga hawakukosea waliponena kuwa kinga ni bora kuliko tiba.

Kuna maneno yanayozunguka huku na kule: ati matunda yana sukari nyingi, kwa hivyo anayejali afya yake ayapunguze. Baadhi yetu wameshaacha ndizi mbivu kabisa. Nyumbani nako, nyanya akipimwa na kuambiwa ana ugonjwa wa kisukari, kitu cha kwanza kunyang'anywa ni embe. Lakini kikombe chake cha chai cha vijiko vitatu hubaki palepale mezani, kwa kuwa "chai bila sukari ni maji moto tu." Je, hapo tumemsaidia? Hebu tulichambue jambo hili hatua kwa hatua.

Sisi wakazi wa Busia na Malaba hatuna budi kulielewa vizuri kuliko wengine. Matunda huvuka mpaka kutoka Uganda kila siku, kwa malori, kwa baiskeli na kwa makarai kichwani: mananasi, machungwa ya Teso, ndizi na mafenesi. Mapera nayo huota hata kando ya njia. Tukiyaogopa sisi tulio karibu nayo, nani atayala?

Ni kweli, sukari imo

Tusidanganyane. Matunda yana sukari. Gramu 100 za nanasi zina sukari kama gramu 10. Tikiti maji lina gramu 6 hivi, embe 14, na fenesi lililoiva hukaribia 19. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina gramu 14 hivi, na chungwa moja 12. Maadamu kijiko cha chai hubeba gramu 4 hivi za sukari, chungwa moja ni sawa na vijiko vitatu.

Sukari hiyo ni ya aina tatu: glukosi, fruktosi na sukrosi. Wengine husema fruktosi ya matunda ndiyo huharibu ini. Ni kweli kwamba fruktosi nyingi mno hulichosha ini. Lakini sukari ya dukani ni sukrosi, nayo ikifika tumboni huvunjika ikawa nusu glukosi na nusu fruktosi. Basi mtu anayekataa embe kwa kuogopa fruktosi, kisha akajaza sukari katika uji wake, ameruka majivu akakanyaga moto.

Isitoshe, wapo wanaoogopa ndizi mbivu lakini wanakula sinia la matoke bila wasiwasi. Ndizi mbichi ina wanga mwingi; ikiiva, wanga huo hugeuka sukari. Ukila mbichi iliyopikwa, mwili wako wenyewe huvunja wanga huo ukawa glukosi. Ugali nao, uwe wa mahindi au wa muhogo na mtama, huishia huko huko.

Tofauti iko wapi?

Kama sukari ni ile ile, mbona tutenganishe chungwa na soda? Jibu ni kwamba tofauti haimo katika sukari yenyewe bali katika kile kilichoibeba. Ndani ya tunda, sukari imefungiwa katika seli pamoja na maji, vitamini na nyuzinyuzi. Chungwa moja lina nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Ni lazima meno yatafune na tumbo lisage, na sukari huingia katika damu polepole. Kongosho, yaani kiungo kinachotengeneza insulini ya kudhibiti sukari mwilini, hufanya kazi yake bila kukurupushwa. Aidha, tumbo hujaa. Ni nani kati yetu awezaye kula machungwa sita kwa mfululizo? Lakini dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba juani anaweza kumaliza soda mbili kabla foleni haijasonga. Chupa moja ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi, na hakuna hata uzi mmoja wa nyuzinyuzi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilizungumzia sukari iliyo huru. Hiyo ni sukari inayotiwa na mpishi, kiwanda au mlaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi. Shirika hilo lilishauri sukari hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50. Na ikishuka chini ya gramu 25, ni bora zaidi. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa humo. Kinyume chake, shirika hilo hilo linashauri tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku.

Hebu piga hesabu ndogo. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Hapo hujagusa soda wala mandazi.

Wakenya tunakula matunda kupita kiasi? Ng'o! Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 94 katika kila 100 hawakufikisha vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Shida yetu ni uchache wa matunda.

Tunda likigeuzwa juisi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu huona juisi ya matunda matupu akadhani ni sawa na kula tunda. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu kumi matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa na juisi. Juisi ilinyweka kwa kasi mara 11 kuliko kula tufaha zima. Waliokunywa juisi hawakushiba vizuri, na insulini yao ilipanda zaidi. Mwaka 2013 uchunguzi uliofuatia watu zaidi ya 180,000 nchini Marekani ulichapishwa. Waliokula matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na bluberi, walipatikana na kisukari kwa uchache zaidi. Waliokunywa juisi kwa wingi walipatikana nacho zaidi.

Basi gilasi ya juisi iliyochujwa imepoteza nyuzinyuzi nyingi, na machungwa matatu au manne yamemezwa kwa dakika moja. Muuzaji akiongeza sukari juu yake, hiyo si tofauti sana na soda.

Na muwa je?

Swali hili huzua ubishi mkali. Mashamba ya miwa yametanda Nambale, Matayos na Butula, na wengi wetu hutafuna muwa tukitoka shule. Muwa si tunda. Ni shina la mmea wa jamii ya nyasi. Tena angalia jinsi unavyoliwa: unafyonza maji matamu, kisha unatema makapi. Yale makapi ndiyo nyuzinyuzi! Umemeza sukrosi, ukatupa kile ambacho kingeipunguza kasi. Kutafuna muwa mara moja moja si dhambi, lakini usiuhesabu kuwa tunda lako la siku. Meno yako pia hayatakushukuru.

Mgonjwa wa kisukari

Turudi kwa nyanya yetu. Mwenye kisukari hahitaji kunyimwa matunda. Anachohitaji ni kipimo. Ale tunda zima badala ya juisi. Ale kidogo kwa wakati, kwa mfano ndizi moja ndogo au kipande cha paipai, si embe tatu kwa mkao mmoja. Embe kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina sukari zaidi ya gramu 40, kwa hivyo heri ligawanywe. Chai yake ndiyo ianze kupunguzwa sukari. Asiache dawa, na afuate ushauri wa daktari, hasa kama figo zake pia zina shida.

Kuna wakati mmoja tu ambapo juisi au maji ya sukari humfaa: anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akianza kutetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka mno. Hapo apewe upesi, mradi ana fahamu na anaweza kumeza.

Tufanyeje?

Kwanza, tule matunda mazima mawili au matatu kila siku. Pili, tuchague ya msimu na ya bei nafuu. Pera la njiani lina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa, gramu kwa gramu. Tatu, kiu ikatwe kwa maji. Nne, tupunguze kijiko kimoja cha sukari katika chai, na ulimi ukizoea tupunguze kingine.

Ndugu msomaji, usimkimbie rafiki ukamkumbatia adui. Leo jioni ukifika nyumbani, mkate nyanya kipande cha paipai, na umkorogee chai yenye sukari kidogo kuliko jana.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini chungwa zima na juisi ya chungwa haviathiri mwili kwa namna moja.
2. Kwa nini muwa hauhesabiwi kuwa tunda?
3. Hesabu gramu za sukari unayoongeza katika chai na uji kwa siku moja. Je, zinazidi 25?