Mpira wa Maji Shimoni: Tulivyokataa "Kazi za Ziada" Mwakirunge

Mwanakandarasi wa ukumbi wetu wa jamii hapa Mwakirunge alituletea karatasi ya "kazi za ziada". Eti msingi kauchimba chini zaidi ya ilivyoandikwa kwenye BQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi, kwa kuwa udongo ulikuwa laini. Zege limeshamwagwa, mawe yamepanda juu yake. Nani angefukua apime? Alijua hilo, ndiyo maana alikuja akitabasamu.

Mimi ni katibu wa kamati ya mradi. Wengi mmeniomba hatua za kulinda hela ya mradi wa kaunti, basi haya: pateni nakala ya BQ mapema, na daftari la saiti liandikwe kila jioni, foromani atie saini. Kuhesabu saruji na kufunga stoo mnakujua. Hatua ya tatu, kupima kina cha msingi wenyewe, ndiyo yenye maneno.

Kabla jembe halijagusa ardhi, nilipiga mstari wa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jirani, kwa idhini yake. Vigingi vya saiti sikuviamini. Vigingi hutembea usiku. Halafu nikaenda Kongowea kununua mpira wa kupitishia maji. Muuza hadiwea alinishikilia nichukue ule wa kijani wa kumwagilia bustani, bei nafuu, "ni sawa tu, mzee". Si sawa! Unataka ule mweupe unaoonyesha maji ndani, la sivyo umenunua kamba ya kuanikia nguo.

Ujaze polepole kutoka kwenye ndoo, huku ukiuinua na kuugongagonga mpaka viputo vyote vitoke. Kiputo kimoja cha hewa kinaharibu kipimo kizima, nawe hutajua. Mwenzako ashike ncha moja ukutani, maji yaguse mstari mwekundu. Wewe simama na ncha ya pili pembeni mwa jengo, umeifunga kwenye fito. Ncha zote mbili ziwe wazi, msizizibe kwa kidole. Maji yakitulia, usawa wako na wa ukutani ni mmoja. Pima kwa futi kutoka maji mpaka ardhini, andika. Fanya hivyo kila pembe. Shimo likiisha, kabla ya zege, rudia palepale mpaka chini ya shimo. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili: hicho ndicho kina, hata kama uwanja una mteremko.

Foromani alitucheka, akatuita watoto wa chekechea wanaochezea maji. Lakini saini alitia, ukurasa kwa ukurasa.

Siku ya kikao, mbele ya ofisa wa kazi za umma, nililifungua daftari tu. Kina kilikuwa kilekile cha BQ, pembe zote, na saini ni ya mtu wake mwenyewe. Mwanakandarasi akamgeukia foromani, foromani akayatazama malori ya taka yakielekea jaani. Raha niliyoisikia siisemi hapa.

Hakukoma. Akageukia bei ya saruji, imepanda, aongezwe. Hapo nilimsomea kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015: bei ya mkataba haipandishwi ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Hata idadi ya kazi za ujenzi ikiongezwa kihalali, haivuki asilimia 20, na mabadiliko yote yakijumlishwa hayapiti asilimia 25 ya bei ya awali. Saruji iko Bamburi hapo, karibu na sisi, na bado alitaka tumlipie kana kwamba imeshushwa na ndege.

Kuhusu malipo kadiri kazi inavyoendelea sina mengi: lipeni hatua iliyokwisha, si tarehe iliyofika.

Na wakikwambieni BQ ni siri ya ofisi, msibishane mlangoni. Andikeni barua, mtaje kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisa ana siku 21 za kujibu.