Mdaiwa Wako Ana Hisa Katika Kampuni: Haki Yako Inaishia Wapi?

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Mwigobero, Musoma, amemkopesha mwenzake shilingi 3,000,000. Siku ya kulipa imepita. Mdaiwa hana nyumba wala shamba, lakini anamiliki hisa 400 kati ya 1,000 za kampuni binafsi yenye boti ya uvuvi. Je, mdai anaweza kuichukua boti hiyo?

Hawezi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, mbali na wanahisa wake. Msingi huu uliwekwa wazi nchini Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Salomon, nasi tunaufuata. Boti ni mali ya kampuni. Mali ya mdaiwa ni hisa zake.

Hata hivyo, hisa hizo zinaweza kukamatwa kwa utaratibu ufuatao:

1. Mdai afungue shauri la madai na kupata hukumu. Madai yatokanayo na mkataba yafunguliwe ndani ya miaka 6 tangu siku deni lilipopaswa kulipwa.

2. Aombe kukazia hukumu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Mahakama inaweza kumzuia mdaiwa asihamishe hisa wala kupokea gawio, na nakala ya amri hupelekwa kwa kampuni.

3. Deni lisipolipwa, mahakama inaweza kuamuru hisa ziuzwe.

Tunatahadharisha kwamba katiba ya kampuni binafsi huweka mipaka ya kuhamisha hisa. Kwa sababu hiyo wanunuzi huweza kuwa wachache na bei ikawa ndogo. Aidha, mwenye hisa 400 hawezi peke yake kuwashinda kwa kura wenye hisa 600.

Kwa hiyo, kabla ya kukopesha, tunakushauri:

- Uombe taarifa za kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ujue wanahisa ni akina nani.
- Uandike mkataba mbele ya mashahidi.
- Ikiwa fedha ni za shughuli za kampuni, kampuni yenyewe itie saini kama mkopaji.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.