SOMO: FILAMU INAYOTENGENEZWA NA WANANCHI WENYEWE



Mara nyingi watu huja na kamera, huturekodi, huondoka, na sisi hatuoni kilichotoka. Leo tujifunze njia nyingine: filamu ya hali halisi ambayo wananchi huitengeneza wenyewe, na mtazamaji naye huchagua asikilize habari ipi, hata kuongeza yake.

Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wavuvi walirekodiwa wakieleza shida zao. Walionyeshwa filamu kwanza wao wenyewe, kabla ya wakubwa wa serikali, na waliweza kukataa sehemu wasizozitaka. Nchini Peru, mradi wa Quipu, uliozinduliwa 2015, ulitumia simu. Watu waliofungwa uzazi bila hiari yao miaka ya 1990, wengi wao wanawake wa vijijini, walipiga simu bure wakasimulia. Wasikilizaji nao waliacha majibu. Hapakuhitajika kujua kusoma.

Mfano wa zoezi: tuseme tunatengeneza filamu juu ya maji mashariki mwa Uganda. Mbale ilipatwa na mafuriko makubwa usiku wa kuamkia 31 Julai 2022. Karibu na Jinja, maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa 2012. Tunachora ramani. Akigusa Mbale, mtazamaji amsikie mama aliyepoteza duka; akigusa Jinja, amsikie mvuvi.

Hatua za kufuata:

1. Kikao kwanza. Wazee, akina mama, vijana na wenye ulemavu wachague jambo pamoja, kabla ya kamera kuwashwa.

2. Idhini. Kila msemaji aelezwe filamu itafika wapi. Uso au jina la mkimbizi likijulikana, ndugu waliobaki nyumbani wanaweza kudhurika. Anaweza kutoa sauti tu, au kukataa, na asinyimwe huduma yoyote kwa sababu hiyo.

3. Kuonyeshwa. Wasemaji waione kabla haijatoka, na kila mmoja aweze kuondoa maneno yake. Ikishasambaa, hairudi tena.

Kushika kamera peke yake si kushiriki. Anayeshiriki ni yule mwenye haki ya kusema “hapana, ondoa hiyo.”

Maswali ya kujadili katika kikundi:

– Ni jambo gani la kambi yetu lingefaa kurekodiwa?
– Nani hajawahi kuulizwa maoni yake?
– Nani angedhurika akitambuliwa?