Picha za Ziara: Kumbukumbu Yetu, Heshima ya Mwenzetu



Katika toleo hili tunaleta somo kwa kamati za parokia zinazoandaa ziara za mafunzo, na kwa wafadhili wetu, ambao wengi wanatufahamu kwa njia ya picha tu. Tuchukue mfano wa kikundi cha Mtendeni, Tabora, kinachokwenda Bagamoyo kwa siku 3. Wanakikundi watafuata mwelekeo wa njia ya zamani ya misafara, iliyounganisha Tabora na pwani. Watatembelea misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, watapumzika katika hoteli ya ufukweni, na watarudi na picha nyingi. Swali letu ni hili: picha hizo zitasema nini, na zitamsema nani?

Tujifunze kwa waliotangulia

Mwaka 1860, James Grant, aliyesafiri na John Speke, alipiga picha Unguja, ikiwemo picha ya soko la watumwa. Kazi ya kamera ilikuwa nzito mno katika joto lile, hivyo aliiacha akaendelea kwa kuchora. Mwaka 1861 msafara wao ulifika Kazeh, yaani Tabora. Picha ya sokoni ipo hadi leo, lakini watu waliomo hatuwajui kwa majina. Wanaonekana, lakini hawana sauti.

Linganisha na picha ya mwaka 1904 kutoka Baringa, Kongo. Baba mmoja aitwaye Nsala alifika misheni akiwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari kutoka Uingereza, alimpiga picha akiwa ameketi barazani, akivitazama viungo hivyo. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani, ikasaidia kuamsha dhamiri za watu. Mwaka 1908 Mfalme Leopold alilazimika kuiachia Kongo iwe chini ya serikali ya Ubelgiji.

Zote mbili ni picha za mateso. Lakini Nsala mwenyewe ndiye aliyeleta ushahidi wake, na jina lake na la mtoto wake yamehifadhiwa. Picha yake ni ushuhuda wa mtu aliyetaka kusikilizwa.

Kabla ya kupiga picha

Ombeni ruhusa kwanza. Mvuvi anayetengeneza wavu wake yuko kazini, si pambo la ufuko. Msalimuni, jitambulisheni, mwelezeni picha itatumika wapi. Akikataa, mshukuruni na mpite. Kwa mtoto, ruhusa hutoka kwa mzazi au mlezi, na mtoto naye aulizwe. Msiwapige watoto wanaooga baharini, hata kama wanawaita. Wageni wengine wa hotelini nao wana haki ya kupumzika bila kupigwa picha. Kanisani, muulizeni Paroko kabla ya Misa. Maeneo ya jeshi yasipigwe kabisa.

Hili si suala la adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake.

Wakati wa kupiga

Bagamoyo jua huchomoza upande wa bahari. Asubuhi, mtu akisimama bahari ikiwa nyuma yake, uso wake utatoka mweusi. Msogezeni ageukie mwanga. Alasiri jua liko upande wa nchi kavu, na hapo uso na bahari vyote huonekana vizuri. Saa 6 mchana kivuli hufunika macho. Maji yakipwa mtaona ngalawa zimelala mchangani. Yakijaa, sura ya ufuko hubadilika. Linda kamera au simu dhidi ya mchanga na maji ya chumvi.

Inameni mlingane na mtu aliyeketi. Msimpige kutoka juu kana kwamba ni mdogo kwenu. Msimwambie mtu ahuzunike, wala msimwondoe kwenye nyumba yake nzuri mkampige penye kibanda kibovu ili mfadhili aguswe. Huo ni uongo, hata kama fedha zitakazopatikana zitachimba kisima.

Baada ya kupiga

Jioni ileile andikeni maelezo: nani, wapi, lini, anafanya nini, nani alitoa ruhusa. Mkisubiri hadi mfike Tabora, majina yatakuwa yamesahaulika. Kwa mtoto, jina kamili na mahali anapoishi yasichapishwe. Mlioahidi kuwapelekea picha, wapelekeeni.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: picha ya mama anayecheka penye shamba lake haina maana kwamba shida zimekwisha. Msiombe picha ya machozi ili kuthibitisha uhitaji. Ulizeni hesabu, ulizeni maendeleo ya kazi, njooni mtembelee.

Mwanzo 1:27 inatufundisha kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi kabla ya kuchapisha, jiulizeni: mtu huyu akiikuta picha hii ukutani mwa ofisi ya parokia, mbele ya watoto wake, atafurahi au atainamisha kichwa? Akiinamisha kichwa, iondoeni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Picha zilizopo ofisini kwetu, ni ngapi tunazoweza kutaja majina ya waliomo?
2. Nani katika kamati atatunza kumbukumbu za ruhusa?
3. Je, tumewahi kuwarudishia watu picha zao?
4. Kama sisi tungekuwa tunapigwa picha, tungependa tuulizwe nini kwanza?