Mashine Inayojiongoza Katika Kiwanda cha Chai

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Hata chai tunayoinywa asubuhi kabla ya kukimbilia shule imeundwa, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na mashine inayojiongoza.

Mpenzi msomaji, majani mabichi yakifika katika viwanda vyetu, kama vile Litein huku Kericho au Kapkoros kule Bomet, huwa na maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80. Hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa, huachwa yapate oksijeni mpaka yageuke rangi, kisha hukaushwa hadi maji yabaki takriban asilimia 3. Hapo kwenye kukausha ndipo penye kazi. Joto likizidi, chai huungua. Likipungua, chai hubaki na unyevu na kuota ukungu. Bei hushuka mnadani Mombasa na bonasi ya mkulima hupungua. Kwetu bonasi ndiyo karo yangu, kwa hivyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Je, mashine hujiongozaje? Mfikirie mama akichemsha maziwa. Jicho linaona yanapanda, akili inaamua, mkono unavuta kuni. Kiwandani jicho ni kipimajoto cha umeme, akili ni kidhibiti, na mkono ni vali ya mvuke.

Lakini kidhibiti cha kuwasha na kuzima tu hakitoshi. Joto huchelewa kufika, basi kikizima, joto limeshapita kiasi. Kikiwasha, limeshashuka mno. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, baada ya kuchunguza washika usukani wa meli, alieleza kwamba kidhibiti bora huangalia mambo matatu: kosa ni kubwa kiasi gani sasa, limekusanyika kiasi gani, na linabadilika kwa kasi gani. Kanuni hiyo ingali inatumika viwandani.

Tunaweza kuboresha zaidi? Naam. Siku za mvua majani huja yamelowa. Kidhibiti cha kawaida hungoja joto lishuke ndipo kiamke. Tukipima unyevu kabla majani hayajaingia, mvuke utaongezwa mapema, na majani yakiwa makavu utapunguzwa, kuni zisiteketee bure. Ila kipimo kikidanganya, mashine yote hudanganyika. Lazima awepo mtu wa kukikagua.

Najua wengi huku wanaogopa mashine. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa Kericho, watu wakilalamika kwamba zinawanyang'anya kazi. Kilio hicho si cha bure. Kidhibiti nacho huenda kikamwondoa mtu mmoja au wawili penye mtambo, lakini humhitaji fundi anayekielewa. Fundi huyo atatoka wapi? Tukiikimbia fizikia ati ni ngumu, ataletwa kutoka mbali, nasi tubaki kutazama moshi wa kiwanda kutoka shambani.

Shime, wanafunzi wenzangu! Mwenye kuelewa mashine ndiye atakayeiamrisha.